Edina, Usimfungie Festo Ungo

Edina,

Usiniambie tena kwamba haya mambo siyajui. Jana umenijibu hivyo ndani ya jiko langu, kikombe changu mkononi: "Bibi, mambo ya Linux wewe huyajui." Nikageukia sufuria. Usidhani ulinishinda. Maziwa yalikuwa yanafurika, na kati yako na maziwa nikaona nishughulike kwanza na kile kinachosikia.

Sasa umekwenda Lupembe kumuaga shangazi yako, na mimi nimechukua daftari lako la zamani lililobaki kurasa. Nimesoma mpaka darasa la nne, unajua. Mwandiko wangu mbaya, unajua pia. Lakini barua ina faida moja: huwezi kunikatiza. Wala huwezi kuniangalia kwa jicho lile la pembeni huku kidole kinasugua simu. Nitaitia kwenye mfuko wa juu wa begi lako. Uisome kesho asubuhi kwenye gari, na kabla ya Makambako uwe umeimaliza.

Mambo ya kula na kuvaa sikuandikii. Umekua. Kanisa utalitafuta mwenyewe, na sweta liache hapa, Dar halina kazi.

Nakuandikia juu ya kitufe. Juzi ulikuwa unaongea na mtu kwenye simu, ukidhani nimetoka kuanika maharage. Ukasema ukifika tu Dar utabonyeza kitufe kimoja, na Festo, mwenzako wa zamani, akiamka atakuta ghala lenu la mtandaoni limefungwa. Ukacheka. Kicheko hicho nakijua, Edina. Niliwahi kuwa nacho mimi.

Ngoja kwanza nikwambie ninachokijua, unisahihishe kama nimekosea. Siku za mwanzo nilidhani Linux ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ndiyo, cheka. Baadaye nikaelewa kwamba ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambao watu wa nchi nyingi wameutengeneza pamoja na haununuliwi. Mtu yeyote anauchukua, anaufumua, anaona ulivyoshonwa, anapunguza hapa, anaongeza pale, anaupa jina analotaka na kuwagawia wengine. Ndiyo maana matoleo yake ni mengi kama aina za maharage pale soko la Makambako. Wewe na Festo mkachukua toleo moja la watu wa mbali, watu ambao hamjawahi kuwaona wala kuwapa hata kikombe cha chai. Mkalitia Kiswahili, mkatia masomo ya sekondari, mkaliita Ungo. Mkaliweka kwenye zile kompyuta kuukuu za shule ya Kidugala, zilizokuwa zimekaa tu zimefunikwa vitambaa. Zikawaka.

Na mlilitengenezea wapi? Mezani kwangu. Miezi mingapi nimekula nimekaa kwenye kigoda kwa sababu meza imejaa nyaya? Neno langu moja limo humo. Umesahau?

"Bibi," Festo aliniuliza, mdomo umejaa kiazi, "mahali pa kutupia vitu visivyotakiwa tupaite nini?"

"Jalala," nikamwambia. "Na wewe meza kwanza."

Ukakunja uso. Ulitaka neno la kitabuni. Festo akasema, "Tumsikilize mwenye nyumba, asije akatunyima viazi." Likaingia jalala. Siku ile mwalimu wa Kidugala aliponiambia kwamba wanafunzi wake wanasema "nimeitupa jalalani" na vidole viko kwenye kompyuta, nilirudi nyumbani nikitembea kama mke wa mchungaji. Sikudai malipo. Kwa hiyo unapoongea juu ya kulifunga ghala la Ungo, jua unafunga na kitu changu, na hukuniuliza.

Halafu mkagombana. Nilikuwepo, nachambua maharage, usinipe hadithi nyingine.

"Edina," Festo alisema, "hizi mashine zina kumbukumbu fupi kuliko mlevi. Hayo mapambo yako yanazinyonga."

"Wanafunzi wakiona kitu kibaya hawakigusi."

"Na wakiona kitu kisichowaka, hicho ndicho watakigusa?"

"Basi nenda katengeneze cha kwako!"

Akaenda. Akatengeneza. Ulimwagiza mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Amekiita Jembe, hakina pambo hata moja, kinawaka haraka kwenye mashine zilizochoka. Na jalala limo. Shule nyingine zinatumia Ungo, nyingine Jembe. Siku mwalimu wa Kidugala alipoutoa Ungo akaweka Jembe, ulirudi hapa hukula, ukasema, "Festo ametuibia kazi."

Ameiba nini, Edina? Mimi mtu akiniibia kuku, naamka kuku hayupo. Festo amechukua na kitu kimebaki pale pale kilipokuwa, na wewe unaendelea nacho. Amefanya kile kile mlichowafanyia wale watu wa mbali. Au ukichukua wewe ni ujuzi, akichukua mwenzako ni wizi? Watu hugombea shamba, hugombea mume. Ninyi ni watu wa kwanza nimewaona wanagombea kitu cha bure kisichopungua.

Ndipo akaja huyu mfadhili wako, hii kampuni ya Dar. Watakupa mshahara, meza yako mwenyewe, mashine mpya, na Ungo utaenda mikoa yote. Sawa. Nilifurahi, nikawaambia wanawake wa kwaya mpaka wakanichoka. Lakini kuna masharti. Ghala la mtandaoni ambako kila mtu anachukua kazi zenu lifungwe. Marekebisho ya watu wa nje yasipokelewe. Shule zipitie kwao. Nikakuuliza, "Si ulisema kitu hiki sheria yake ni kuachwa wazi?" Ukanijibu mbiombio, kama mtu anayevuka daraja bovu, kwamba ule mfumo wenyewe wa Linux utabaki wazi, hawawezi kuufunga, lakini masomo na maneno ya Kiswahili ni yenu, yanaweza kufungwa. Sheria inaruhusu, ukasema. Sikukuuliza juu ya sheria.

Mpaka hapo nimekosea wapi? Basi sasa nisikilize jambo ambalo hujawahi kulisikia, kwa sababu mimi mwenyewe nimehakikisha hulisikii.

Unamjua Bibi Yusta wa ng'ambo ya bonde, dada ya marehemu babu yako, yule unayempelekea maparachichi. Mimi na wifi yangu huyo tulikaa misimu mitatu hatusemeshani. Tulikuwa tukipita njia moja kwenda kanisani, yeye anatazama miti ya misindano, mimi natazama viatu. Sababu ilikuwa mbegu za viazi.

Wewe umekuta mbegu zinauzwa kwa magunia. Zamani hapa Kichiwa haikuwa hivyo. Ukikosa mbegu, ulikwenda kwa mtu akakupimia debe. Na hukumrudishia yeye. Ukishavuna, ulichagua vile viazi vidogo vya kupanda, ukaweka debe moja pembeni, likamsubiri mtu wa tatu atakayekuja kuomba. Aliyekupa alikuwa anakwambia pale pale, "Usinirudishie mimi." Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yetu. Mbegu ilizunguka hivyo mpaka hakuna aliyejua ilianzia wapi.

Za kwangu zilisifika. Nilizipata kwa mama mkwe wangu, lakini niliziongezea akili. Shamba likitoa maua nilipita mstari kwa mstari, na kila shina lenye afya nililitia kijiti. Wakati wa kuvuna, mbegu nilichukua kwenye vijiti tu. Yusta aliniona mchawi, baadaye akaiga. Tulilima pamoja, wanawake kumi na zaidi, kwa mgowe, leo shamba la huyu, kesho la yule, mwenye shamba anapika. Ukija kuomba mbegu kwetu, ulikuwa unaleta jembe siku moja.

Akaja bwana mmoja wa mradi. Simtaji jina, na mradi wenyewe haupo tena. Akaona viazi vyangu akasema, "Mama, wewe ni mkulima wa mfano." Edina, usimwambie mtu, lakini hakuna aliyewahi kuniita mfano wa kitu chochote. Wakaniletea mbolea na pampu ya dawa. Wakanijengea ghala la mbao. Wakasimamisha ubao barabarani wenye jina langu. Sharti likawa moja: mbegu nisigawe tena, zote ziingie ghalani, mradi ndio utakaouza.

Nikaweka kidole kwenye karatasi yao.

Yusta alikuja jioni ile ile. "Wifi, mgowe je? Watu waliokulimia watapata wapi mbegu?"

"Watanunua."

"Wanunue mbegu waliyoipalilia wenyewe?"

"Kama una wivu na ubao, sema."

Alichukua gunia la mbegu zake kutoka kwenye banda letu la pamoja, akavuka bonde, akaanza kugawa kwa kila aliyebisha hodi. Na mimi Jumapili iliyofuata, watu wametoka ibadani, wamesimama wanasalimiana, nikamwita mwizi wa mbegu. Kwa sauti. Unajua sauti yangu.

Akanitazama, wala hakukasirika. Akasema, "Mbegu unayoninyima uliipata kwa nani, wifi? Si kwa mama yangu?"

Wanawake wakacheka. Nikaondoka nimeinua shingo, na kwa misimu mitatu sikuishusha.

Msimu wa pili ukaja mnyauko. Shamba langu lilikuwa la kijani Jumatatu, Ijumaa limelala kama limekanyagwa na ng'ombe. Nikachimbua kiazi, nikakikata, nikaona ile pete ya ndani inatoa ute mweupe. Nikakata kingine. Nikakata mpaka kisu kikaniponyoka. Wa mradi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka na pampu yao. Msimu uliofuata hawakuja. Ubao ulibaki, babu yako akaungoa akatengenezea mlango wa banda la nguruwe, na jina langu lilisomeka pale miaka mingi kila ninapopeleka pumba. Hakunidhihaki hata siku moja. Mlango wenyewe ulitosha.

Na ghala, Edina? Ghala lilikuwa limejaa mbegu ile ile, kutoka shamba lile lile, zenye ugonjwa ule ule. Nilikuwa nimezikusanya zote mahali pamoja, nikafunga kwa kufuli, na funguo nikazivaa shingoni. Kama ningekuwa nimegawa, mbegu yangu ingekuwa inaishi kwenye mashamba ishirini ya watu wengine, nami ningekwenda kuomba. Nilipoomba kwa majirani, kila mtu aliniambia kwa upole, "Wewe si ulisema tununue?"

Aliyekuwa nazo ni Yusta na watu wake.

Nilijizungusha mvua nzima, msimu mzima, kabla ya kuvuka lile bonde. Mvua nzima tulikula mahindi na mboga, mama yako akiwa binti mdogo, kwa sababu ya shingo yangu. Nilipokwenda, nilimkuta anapalilia. Akaniambia, "Ngoja nimalize mstari." Akaumaliza taratibu, na ulikuwa mrefu. Nilistahili. Kisha akaingia ndani akanipimia debe, akalijaza mpaka likawa na kichwa. Hizo mbegu hazikuwa sawa na za kwangu tena. Alikuwa amepanda kwenye ule udongo wake wa juu wenye baridi, akachagua kivyake, zikawa ndogo kidogo lakini zina mioyo migumu. Na pale shambani kwake, kwenye kila shina zuri, niliona vijiti. Alikuwa ananiita mjinga wa ubao na huku anatumia akili yangu. Na mimi nikaja kupona kwa akili yake.

Nikamwambia, "Nitakurudishia baada ya mavuno."

Akasema, "Usinirudishie mimi."

Viazi unavyokula mezani kwangu, vile Festo alivyokuwa anajaza mdomoni, ni vya lile debe.

Sasa usije ukanisikia vibaya ukadhani nakwambia ufanye kazi bure mpaka uzeeke. Sijasema hivyo. Yusta naye alikosea, na kosa lake nalijua kuliko wote kwa sababu lilinifaidisha. Aligawa hata kwa wasioleta jembe. Watu walizoea kuchukua, wakaona kwa kuwa ni bure basi hakuna anayechoka. Mgongo ulipomshika hakuna aliyekuja kupalilia. Niliwakuta yeye na magugu peke yao. Mimi ndiye niliyepiga hodi nyumba kwa nyumba, kwa hii sauti mbaya niliyomwitia mwizi, nikasema, "Wewe umekula mbegu ya Yusta, kesho asubuhi nataka kukuona na jembe." Wakaja. Mgowe ukarudi.

Kwa hiyo mshahara wa Dar uchukue. Kitu cha bure kinatengenezwa na mtu anayekula, na mimi nimekuona ukikesha na Ungo wako mpaka macho yakawa kama nyanya, shule kumi zinakupigia simu kulalamika na hakuna iliyokupa hata nauli. Hilo nalo ni kosa, na ni lenu ninyi wawili: hamkuwahi kuziambia shule zilete jembe. Mwalimu angeweza kusahihisha maneno. Shule ingeweza kuchangia kidogo kila muhula, na yule asiye na kitu alete wanafunzi wake wajaribu na kusema kilichoharibika. Mikono mingi midogo haikuitishi kidole siku moja na kukuvunjia mradi kesho yake. Mfadhili mmoja mkubwa akiondoka anaondoka na pampu.

Lakini mlango usiufunge. Hutaujua umuhimu wake siku unaufunga. Siku hiyo utajisikia mkulima wa mfano.

Na kuna jambo lingine ambalo ulidhani silijui. Festo amekutumia marekebisho tangu wakati wa mavuno. Ni ya ile kasoro inayofanya umeme ukikatika kazi za wanafunzi zinapotea kwenye Ungo. Ameipata dawa huko kwenye Jembe lake, akakuletea. Hukufungua. Nilikusikia: "Sitaki vitu vyake." Nani kanieleza? Yeye mwenyewe, nilipokwenda kwake Makambako kutengeneza simu. Hakunilalamikia. Alisema tu, "Bibi, mwambie Edina si lazima aseme asante, aiweke tu, watoto wanalia." Hakunitoza chochote kwa simu, halafu akaniuliza kama viazi vipo.

Unaona sasa kwa nini nimeishika kalamu? Wewe unashindana na Festo, na ushindani siukatai. Bila Yusta kunishinda ningeendelea kujiona. Shindaneni. Yeye apunguze, wewe upambe, mwalimu achague. Ila mtu mnayeshindana naye ndiye pekee atakayekuwa na mbegu siku yako ikioza.

Mimi nilisubiri mvua nzima. Wewe huna mvua nzima, una saa chache tu kati ya gari la kutoka hapa na basi la Dar. Umeniambia utakaa ndani ya hoteli mpaka basi lije ili Festo asikuone. Mtoto niliyemlea mimi, anajificha nyuma ya sahani ya chipsi!

Hutakaa hotelini. Ukishuka Makambako, nenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Festo nyuma ya stendi. Ukimkuta ana mteja, subiri amalize mstari wake. Mpe nakala ya kila kitu, masomo yote na maneno yote, kwenye zile flashi mbili nilizoona umezifunga kwenye leso, na umwambie azigawe. Kisha kaa chini, fungua laptop yako, uweke dawa yake ya umeme kwenye Ungo yeye akikuangalia. Ukifika Dar waambie wale watu kabla hujatia sahihi: kazi nitafanya, mlango sifungi. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, rudi, meza yangu ipo na nitarudi kwenye kigoda.

Kile kiroba nitakachokupakilia kwenye gari asubuhi ni cha mbegu. Si chako, usikipeleke Dar kikaoze na joto. Kibebe mpaka kwa Festo, mama yake ana kipande cha shamba kule kwao na amekosa mbegu mwaka huu. Kimkabidhi mkononi, si juu ya meza.

Na umwambie asinirudishie mimi.

Bibi yako